Yai la chura, seli ya mgonjwa, samaki, panya au kompyuta: uchague kipi kuchunguza kifafa na mapigo ya moyo?

Umepata mabadiliko ya jeni. Yametoka kwa mtoto mwenye kifafa ambacho dawa zimeshindwa kukituliza, au kwa familia ambayo vijana wake huzimia ghafla na mmoja wao amefariki usingizini. Herufi moja tu ya DNA imebadilika kwenye jeni inayotengeneza chaneli ya sodiamu au ya potasiamu, yaani protini inayofungua na kufunga njia ya ioni (chembe zenye chaji ya umeme) kwenye utando wa seli. Msimamizi wako anataka pendekezo la utafiti, na swali la kwanza atakalokuuliza ni hili: utaichunguza chaneli hiyo ndani ya nini?

Hapo ndipo wengi hukwama. Nawaandikia wanafunzi wa uzamili na uzamivu, madaktari wanaoingia maabara kwa mara ya kwanza, na yeyote anayesoma tafiti hizi akitaka kujua aziamini kwa kiasi gani.

Ubongo na moyo nimeviweka pamoja kwa makusudi. Seli ya neva na seli ya moyo zote hufanya kazi kwa umeme unaotokana na ioni kuingia na kutoka kupitia utando. Chaneli zinazopitisha ioni hizo ni za ukoo mmoja. Jeni ya SCN1A, ya chaneli ya sodiamu, hufanya kazi zaidi kwenye ubongo, ndugu yake SCN5A kwenye moyo. Upande wa potasiamu, KCNQ2 ikiharibika, mtoto mchanga hupata degedege. KCNQ1 ikiharibika, mtu hupata ugonjwa wa QT ndefu, ambapo misuli ya moyo huchelewa kujiandaa kwa pigo linalofuata. Tofauti kubwa iko kwenye muda: mpigo wa umeme wa seli ya neva huchukua milisekunde 1 hadi 2, wa ventrikali (chumba cha chini cha moyo) ya binadamu milisekunde 200 hadi 300. Kwa hiyo maabara za pande hizi mbili hutumia mifumo ileile ya majaribio na huangukia mitego inayofanana.

Vigezo kabla ya majina

Cha kwanza ni ngazi ya swali, na kwangu mimi hiki kinavizidi vingine vyote. Unauliza kuhusu molekuli, yaani chaneli inafunguka kwa volti ipi na kujifunga kwa kasi gani? Kuhusu seli, yaani chaneli inafika kwenye utando au inanasa njiani, na umbo la mpigo wa umeme linabadilikaje? Kuhusu mtandao, pale maelfu ya seli yanapoanza kuwaka kwa pamoja? Au kuhusu mwili mzima, pamoja na pumzi, usingizi na kifo? Kila mfumo hujibu vizuri kwenye ngazi moja au mbili. Ukiuuliza swali la ngazi nyingine bado utakupa namba, tena namba nzuri ya kuchapishwa, na hapo ndipo hatari ilipo.

Cha pili ni ukaribu wa umeme wake na umeme wa binadamu. Sisemi ukaribu wa ukoo. Panya ni mamalia kama sisi, lakini moyo wa panya mdogo wa maabara hupiga mara 500 hadi 700 kwa dakika, wakati wa mtu mzima aliyetulia hupiga 60 hadi 100.

Cha tatu ni muda, idadi ya majaribio unayoweza kufanya, na vifaa unavyohitaji. Cha nne ni mzigo wa kimaadili. Mwaka 1959 Russell na Burch walitoa kanuni ya kutafuta mbadala wa wanyama, kupunguza idadi yao na kuboresha wanavyotendewa, na leo mtafiti anayetaka kutumia mnyama anapaswa kueleza kwa nini njia nyingine haitoshi. Seli za mgonjwa nazo zinadai ridhaa ya kweli, inayoeleza zitatumika kwa nini na zitahifadhiwa kwa muda gani.

Cha tano husahauliwa: kile unachokipima kina uhusiano gani na hatima ya mgonjwa? Jaribio la CAST la Marekani, lililotoa matokeo yake ya kwanza mwaka 1989, liliwapa dawa za encainide na flecainide watu waliokwisha kupata shambulio la moyo na waliokuwa na mapigo ya ziada ya ventrikali. Dawa hizo zilikuwa zimeonyesha kwamba zinazima mapigo hayo ya ziada. Lakini waliozitumia walikufa wengi zaidi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kipimo kilipendeza huku wagonjwa wakipotea. Kila unapochagua mfumo, jiulize unasoma mapigo ya ziada au unasoma maisha ya mtu.

1. Seli za kuazima: yai la chura na HEK293

Hapa unachukua jeni ya chaneli ya binadamu na kuiweka kwenye seli isiyo ya moyo wala ya ubongo. Yai la chura wa Xenopus lina upana wa karibu milimita moja, hivyo unaliona kwa macho matupu na kulidunga RNA bila shida kubwa. HEK293 ni seli zilizotokana na figo ya kijusi cha binadamu. Frank Graham alizibadilisha huko Leiden mwaka 1973, na namba 293 ni ya jaribio lake.

*Unachoonyesha vizuri.* Tabia ya chaneli yenyewe, bila kelele za chaneli nyingine. Mbinu iliyowapa Erwin Neher na Bert Sakmann tuzo ya Nobel mwaka 1991 ndiyo inayotumika kwenye HEK hadi leo. Pipeti ya kioo yenye ncha ya takriban mikromita moja hushushwa hadi iguse utando wa seli. Unanyonya hewa kidogo kupitia mrija, na ukibahatika, upinzani unapanda ghafla kutoka megaomu chache hadi kupita gigaomu moja. Baada ya hapo mkondo wa chaneli moja, wa pikoampea chache tu, huonekana kwenye skrini kama ngazi za mraba zinazopanda na kushuka. Unaitazama protini moja ikifunguka na kujifunga. Sijui mbinu nyingine ya baiolojia inayomleta mtu karibu hivyo na molekuli iliyo kazini.

Mifumo hii imetupa majibu makubwa. Mwaka 1995 yai la chura lilionyesha kwamba aina moja ya QT ndefu hutokana na chaneli ya SCN5A isiyojifunga kikamilifu: mkondo mdogo wa sodiamu huendelea kuvuja na kuurefusha mpigo. Baadaye ikabainika kwamba mabadiliko mengine ya jeni hiyohiyo, yale yanayopunguza mkondo, huleta ugonjwa wa Brugada, nao pia huvuruga mapigo ya moyo. Jeni moja, magonjwa mawili, na dawa inayomfaa mmoja inaweza kumdhuru mwingine.

*Unachoficha.* Majirani wa chaneli. Seli ya moyo au ya neva ina protini saidizi na njia za kusafirisha chaneli ambazo seli ya kuazima inazikosa. Yai la chura lina mtego wake wa pekee: hutunzwa kwenye ubaridi wa chini kuliko mwili wetu. Mabadiliko mengi ya KCNH2, jeni ya chaneli ya potasiamu iitwayo hERG, huleta QT ndefu kwa sababu protini hukunjwa vibaya na kunaswa kabla ya kufika kwenye utando kwa nyuzi joto 37. Kwenye ubaridi, baadhi ya chaneli hizo hufika salama. Ukizipima kwenye yai peke yake unaweza kuandika kwamba ni nzima, ilhali kwa mgonjwa hazifiki kabisa. Kiini cha yai pia hufyonza dawa zinazopenda mafuta, kwa hiyo dawa huonekana dhaifu kuliko ilivyo.

*Muda na mzigo.* Siku chache hadi wiki chache. HEK hugawanyika karibu kila siku, na mashine za kisasa hupima seli mamia kwa mkupuo mmoja.

*Unamfaa nani.* Mwenye orodha ndefu ya mabadiliko anayetaka kujua yapi yanaharibu chaneli na kwa njia gani. Pia anayekagua kama dawa mpya inaziba hERG, kosa lililoiondoa terfenadine, dawa ya mzio, sokoni mwishoni mwa miaka ya 1990.

2. Seli shina zinazotoka kwa mgonjwa mwenyewe

Shinya Yamanaka alirudisha seli za panya kwenye hali ya seli shina, yaani seli inayoweza kugeuka aina nyingine za seli, mwaka 2006, na za binadamu mwaka 2007. Leo damu au ngozi ya mgonjwa inaweza kugeuzwa seli shina, kisha seli za moyo au za neva zenye jeni zake zote.

*Unachoonyesha vizuri.* Chaneli ikiwa nyumbani kwake, pamoja na jeni nyingine za mtu huyohuyo. Mwaka 2010 seli za moyo zilizotengenezwa kutoka kwa watu wa familia moja wenye mabadiliko ya KCNQ1 zilionyesha mpigo wa umeme uliorefuka, kama kipimo cha umeme wa moyo wao kilivyoonyesha. Na kwa CRISPR, mbinu ya kuhariri jeni, unaweza kusahihisha herufi ile moja, ukapata seli pacha zinazotofautiana hapo tu. Bila pacha huyo nisingeiamini tofauti yoyote kati ya mgonjwa na mtu mzima wa afya, kwa sababu watu wawili hutofautiana kwa mengi mno.

*Unachoficha.* Umri. Chini ya hadubini seli za moyo za aina hii hupiga zenyewe, shuka nzima ikijikunja kwa pamoja, na anayeziona mara ya kwanza husisimka. Lakini seli ya ventrikali ya mtu mzima haipigi yenyewe, hungoja ishara. Kupiga kwenyewe ni dalili ya uchanga. Mkondo wa potasiamu unaoituliza seli kati ya pigo na pigo bado ni dhaifu, na mifereji ya utando inayoingiza umeme ndani ya seli haijajengeka. Kwa kuwa mkondo huo wa kutuliza ni mdogo, chaneli za sodiamu nyingi hubaki zimejifunga, na matokeo ya SCN5A huwa magumu kufasiri. Seli za neva nazo hukomaa polepole, hasa zile za kuzuia, zinazotuliza neva nyingine. Seli zikiwa zimetandazwa kwenye sahani hakuna ubongo. Hata viubongo vya maabara vilivyoanza mwaka 2013 havina mishipa ya damu wala mpangilio kamili.

*Muda na mzigo.* Miezi. Kuunda seli shina, kuzikagua, kuzisahihisha na kuzikomaza kunaweza kula mwaka wa kwanza wote. Vimiminika vya kuzilishia ni ghali, na hazijui mwisho wa juma.

*Unamfaa nani.* Aliye karibu na wagonjwa, mwenye maabara inayojua kazi hii tayari, na ambaye swali lake linahusu mtu fulani au dawa kwa jeni fulani. Simshauri mwanafunzi wa uzamili wa mwaka mmoja aanzie hapa peke yake.

3. Samaki danio

Samaki huyu mdogo mwenye mistari hutaga mayai mengi kwa wakati mmoja, na hukua nje ya mwili wa mama. Vifaranga vyake ni angavu: siku moja tu baada ya yai kurutubishwa moyo umeshaanza kupiga, nawe unautazama bila kupasua chochote.

*Unachoonyesha vizuri.* Mwili mzima, kwa idadi kubwa. Ukitia pentilenetetrazoli, kemikali inayochochea kifafa, ndani ya maji, kifaranga cha wiki moja huanza kwenda mbio, kisha huzunguka kwa kasi mahali pamoja, kisha hukakamaa na kulala ubavu. Hatua hizo zilielezwa mwaka 2005, na umeme wa ubongo wake unaporekodiwa huonyesha milipuko inayofanana na ya kifafa. Mwaka 2013 maabara ya Scott Baraban huko San Francisco ilitumia danio wenye kasoro kwenye jeni inayolingana na SCN1A kuchuja mamia ya dawa, na clemizole, dawa ya zamani ya mzio, ikajitokeza kwa kutuliza kifafa chao. Kuhusu moyo, danio hupiga mara 120 hadi 180 kwa dakika, karibu nasi kuliko panya, na hutegemea chaneli ya ukoo wa hERG kurudi kwenye utulivu. Ndiyo maana dawa nyingi zinazorefusha QT kwetu huuvuruga moyo wake pia.

*Unachoficha.* Moyo una vyumba viwili, si vinne. Jeni zake nyingi zimejirudufu, yaani jeni moja ya binadamu hulingana na jeni mbili za danio, kwa hiyo ukiiharibu moja nyingine inaweza kuziba pengo. Na dawa iliyo majini haijulikani imeingia mwilini kiasi gani.

*Muda na mzigo.* Wiki kwa jaribio, miezi kwa kuzalisha ukoo wenye mabadiliko. Mzigo wa kimaadili ni mwepesi kuliko wa panya, lakini upo.

*Unamfaa nani.* Anayetafuta dawa bila kujua atafute wapi.

4. Panya

*Unachoonyesha vizuri.* Mtandao na mwili. Hapa pekee, kati ya mifumo hii mitano, unaweza kurekodi kwa pamoja umeme wa ubongo wa mamalia, moyo wake na pumzi yake, kuanzia kabla ya kifafa kumshika hadi baada yake. Kifo cha ghafla cha mtu mwenye kifafa hakichunguziki kwenye sahani. Pia unaweza kuizima jeni kwenye aina moja ya seli tu, na kuiacha nzima kwingine.

*Unachoficha.* Nianze na moyo, kwa sababu hapa ndipo naona makosa mengi zaidi. Seli ya ventrikali ya panya hurudi kwenye utulivu haraka sana, bila ule uwanda mrefu tulio nao sisi, na hutumia chaneli nyingine za potasiamu kufanya hivyo. Kwa panya mzima hERG haina uzito. Kwa hiyo kuleta mabadiliko ya KCNH2 kwenye panya ukitarajia QT ndefu ni kupoteza wanyama na muda. Sungura yuko karibu nasi zaidi kwa hilo.

Upande wa kifafa, tatizo ni jaribio lipi unalolichagua. Dawa ya kifafa ya phenytoin ilipatikana na Merritt na Putnam miaka ya 1930 kwa paka walioshtuliwa kwa umeme, na kwa muda mrefu dawa zilichujwa kwa vipimo viwili: mshtuko wa umeme na sindano ya pentilenetetrazoli. Levetiracetam, dawa nyingine ya kifafa, ilishindwa vyote viwili kwa panya wa kawaida. Ilionekana tu kwa wanyama ambao ubongo wao ulikuwa umeshazoeshwa kifafa kwa vichocheo vidogo vya kurudiarudia. Leo ni miongoni mwa dawa za kifafa zinazotumiwa sana duniani. Ingetupwa. Na kwa kuwa takriban theluthi moja ya watu wenye kifafa hawapati nafuu ya kutosha kwa dawa zilizopo, inafaa kujiuliza ni ngapi zilizokwisha kutupwa.

Ukoo wa panya nao una neno. Mabadiliko yaleyale ya Scn1a huua wengi kwenye ukoo wa C57BL/6 na hudhuru kidogo tu kwenye ukoo wa 129. Andika ukoo kwenye pendekezo lako kabla ya kitu kingine chochote.

*Muda na mzigo.* Mwaka au zaidi kabla ya matokeo ya maana, kibali cha kamati ya maadili, nyumba ya wanyama, na mikono iliyofundishwa upasuaji. Huu ndio mzigo mkubwa kuliko yote, na ni sahihi uhisiwe hivyo. Mwishoni mwa 2022 Marekani iliondoa kwenye sheria sharti kwamba kila dawa ijaribiwe kwa wanyama kabla ya binadamu. Njia nyingine sasa zinaweza kuwasilishwa.

*Unamfaa nani.* Mwenye swali la mtandao au la mwili ambalo kweli halijibiki kwingine, na mwenye miaka ya kulifuata.

5. Modeli za kompyuta

*Unachoonyesha vizuri.* Matokeo ya mabadiliko madogo yanapopandishwa ngazi. Hodgkin na Huxley walieleza umeme wa neva kubwa ya ngisi kwa milinganyo mwaka 1952, na Huxley aliisuluhisha kwa mashine ya hesabu ya kuzungusha kwa mkono. Miaka michache baadaye Denis Noble aliirekebisha milinganyo hiyo ikapiga kama seli ya moyo. Modeli ya seli ya moyo ya O'Hara na Rudy ya mwaka 2011 ilijengwa kwa vipimo vya mioyo ya binadamu zaidi ya 100 isiyo na ugonjwa, jambo ambalo hakuna panya anayeweza kulitoa. Unachukua namba zako za HEK, unaziweka humo, na kuona kama mkondo unaovuja kidogo unatosha kurefusha mpigo.

*Unachoficha.* Lolote ambalo hakuna aliyeliandika ndani yake. Modeli haitakushtua kwa protini usiyoijua. Upande wa moyo umeiva, kiasi kwamba mpango wa kimataifa wa CiPA ulioanza 2013 huutumia kutathmini usalama wa dawa. Upande wa kifafa bado ni mchanga: modeli za tukio zima la kifafa hueleza umbo la mawimbi vizuri, lakini kiungo kati ya mawimbi hayo na chaneli moja ni dhaifu.

*Muda na mzigo.* Kompyuta ya kawaida inatosha kwa seli moja. Moyo mzima unadai mashine kubwa. Hakuna mnyama anayeumia.

*Unamfaa nani.* Mwenye hesabu na mwenye namba za kuaminika za kuanzia.

Jeni moja mikononi mwa mifumo tofauti

SCN1A inaonyesha haya kuliko maelezo yangu. Charlotte Dravet alieleza aina kali ya kifafa cha watoto wachanga mwaka 1978. Mwaka 2001 ikajulikana kwamba wengi wao wana kasoro kwenye SCN1A, na mara nyingi nakala moja ya jeni imekatika na haitengenezi kitu. Swali likabaki: chaneli ya sodiamu ndiyo inayowasha neva. Ikipungua nusu, ubongo ungepaswa kupoa. Mbona unawaka?

Seli za kuazima zilijibu kwa sehemu. Baadhi ya mabadiliko ya SCN1A, yaliyotoka kwa familia zenye kifafa chepesi kinachoandamana na homa, yalionyesha mkondo unaovuja, na wengi wakafikiri maelezo yamepatikana. Kwa wagonjwa ambao chaneli haipo kabisa jibu hilo halikuwa na maana.

Mwaka 2006 maabara ya William Catterall huko Seattle ikapima seli za panya aina kwa aina. Seli za kusisimua zilikuwa karibu na kawaida. Seli za kuzuia, zile zinazoushika breki mtandao, zilikuwa zimepoteza sehemu kubwa ya mkondo wao. Ubongo uliwaka kwa kukosa breki. HEK isingeweza kulisema hilo hata ukiipima miaka mia, kwa sababu haina seli za kusisimua wala za kuzuia. Jambo hili linagusa kitanda cha mgonjwa moja kwa moja: dawa zinazoziba chaneli za sodiamu, kama carbamazepine na lamotrigine, mara nyingi humzidishia mtoto huyu kifafa.

Kisha mwaka 2013 seli shina za wagonjwa zikaleta mvutano. Kundi moja liliona seli za kuzuia zimedhoofika, makundi mengine yakaona mkondo wa sodiamu umeongezeka hata kwenye seli za kusisimua. Uchanga wa seli huenda una mkono humo. Mwaka huohuo panya walionyesha kifo cha ghafla kikifuata kudorora kwa mapigo baada ya kifafa, kupitia neva ya vagus, inayounganisha ubongo na moyo. Tafiti za baadaye zikaonyesha kwamba pumzi nayo husita, pengine kabla ya moyo. Danio kwa upande wao waliunga mkono fenfluramine, dawa iliyoondolewa sokoni mwaka 1997 ilipokuwa ya kupunguza uzito kwa sababu iliharibu vali za moyo, na iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa ugonjwa wa Dravet, kwa dozi ndogo na kwa sharti la moyo kuchunguzwa.

Kulingana na hali yako

Kliniki inasubiri kujua kama mabadiliko fulani ni ya hatari: anza na HEK kwa nyuzi joto 37, na upime mambo mawili, mkondo na kama protini inafika kwenye utando. Mkondo mdogo pekee hauonyeshi kilichoharibika.

Una mwaka mmoja wa uzamili: HEK pamoja na modeli ya kompyuta ya seli ya moyo, au danio ikiwa maabara inawafuga tayari. Usijenge mfumo mpya kutoka mwanzo.

Una miaka minne, wagonjwa wako karibu, na swali ni la dawa: seli shina, zikiwa na pacha zilizosahihishwa, zaidi ya ukoo mmoja wa seli kwa kila mgonjwa, na mpango wa kuzikomaza ulioandikwa kabla ya jaribio la kwanza.

Swali ni la QT au la kurudi kwa moyo kwenye utulivu: seli za binadamu, sungura au kompyuta. Panya mdogo mwache.

Swali ni kwa nini mtu mwenye kifafa anakufa ghafla: panya, ukirekodi ubongo, moyo na pumzi kwa wakati mmoja. Ukikosa uwezo wa kurekodi pumzi, tafuta mshirika aliye nao kabla ya kuomba kibali cha mnyama hata mmoja.

Unachuja dawa nyingi za kifafa: danio kwanza, kisha zile chache zilizobaki zipeleke kwa panya wenye kifafa cha kudumu, na wakati huohuo zikague kwenye hERG.

Huna maabara ya kufanyia majaribio kabisa: chukua vipimo vya chaneli vilivyokwisha kuchapishwa, viingize kwenye modeli iliyo wazi kwa wote, na mtafute mapema mwenye pipeti atakayepima zile namba mbili au tatu ambazo modeli yako inazitegemea zaidi.

Na kama pendekezo lako lina nafasi ya mifumo miwili, ichague kutoka ngazi tofauti, HEK na panya kwa mfano, kisha andika kabla ya kuanza ni matokeo gani ya mfumo wa pili yatakufanya uache kuamini ya kwanza.